Funguo Ndani ya Glavu

Laurel, Maryland
7 Machi 2026

Mpendwa Jerotich,

Usishtuke kuona stempu. Simu yangu anakaa nayo mama. Anasema ananiamini mimi, ila haiamini simu. Unajua chanzo chake: ile picha ya mkutano wa kampeni sebuleni kwetu iliyofika kwa mama yako kabla chai haijapoa. Mimi ndiye niliyekutumia, ili uione keki. Sikufikiri kwamba nyuma ya keki palikuwa na ramani ya mitaa ambayo mama alipanga kwenda kugonga milango.

Kwa hiyo nimeamua kuandika, na naandika kwa Kiswahili. Wadogo zako wakiiokota barua hii hawatafika mstari wa pili.

Nakumbuka bado namna mambo yalivyoanza. Mzee aliyekikalia kiti chetu katika Bunge la Maryland tangu kabla hatujazaliwa alitangaza kwamba anastaafu. Mama zetu, marafiki wa miaka yote, wakaenda Annapolis, huko huko liliko Bunge, kujiandikisha kugombea, kila mmoja kwa siri. Wakakutana kwenye foleni, wote wamevaa viatu vya harusini. Mama anasema walisalimiana vizuri sana, na kwamba ndipo alipojua urafiki umekwisha.

Sasa ninyi mmehamia ibada ya asubuhi na sisi tumebaki na ya mchana. Kutoka kwenye basi la shule nahesabu vibango vya mama yako kwenye nyasi za watu hadi nachoka. Sisi kwenye fleti haturuhusiwi kuweka kibango nje. Nimekibandika kimoja kwenye dirisha la chumba changu. Kinatazama maegesho ya magari na pipa la takataka.

Najua si kosa lako. Niandikie. Mama hulala mchana baada ya zamu ya usiku, na mimi ndiye ninayefungua sanduku la barua.

Rafiki yako,
Edna


Laurel
12 Machi 2026

Edna wangu, sasa!

Wueh, barua ya stempu! Nimejiona kama shosho wa mvi. Lakini nimeipenda aki, nimeisoma bafuni nikiwa nimefungulia maji.

Hapa kwetu nyumba imekuwa ofisi. Watu wa kujitolea wanaingia bila kubisha, wanakula mkate wetu, wananiita "sweetie". Mama anatoka kazini kwa wale wakandarasi wa serikali, anaingia kwenye simu, anatoka kwenye simu, analala. Juzi aliniuliza, "Wewe siku hizi uko darasa la ngapi?" Alikuwa anatania. Nadhani.

Sasa sikia. Kuna ule usiku wa wagombea wa Jumuiya yetu ya wahamiaji, tarehe 28, pale ukumbini. Sheria yao ni ile ya sherehe zetu zote: hakuna mtu anayejitambulisha mwenyewe. Wamesema kila mgombea atatambulishwa na mtu wa familia yake. Wakimaliza kusikiliza, Jumuiya itaamua inamuunga mkono nani, na huyo ndiye atakayepata vijana wote wa kugonga milango. Ni wawili tu kutoka kwetu, mama yako na wangu. Wale wanaume wengine wawili wanaogombea hawamjui hata mtu mmoja pale.

Mimi sauti ninayo, lakini maneno sina. Nimeandika "Mama yangu ni mchapakazi" nikakwama hapo. Wewe ndiye mtu wa vitabu. Nionyeshe tu mtu anaanzaje. Wewe najua hutasimama, baba yako ndiye atakayemtambulisha mama yako, sivyo? Krismasi ulipewa mstari mmoja wa malaika ukaumwa tumbo! Nacheka nikiandika. Usikasirike.

Wako,
Jero


Laurel
18 Machi 2026

Mpendwa Jero,

Sijakasirika. Tumbo liliniuma kweli.

Siri ya utambulisho, kwa maoni yangu, ni kuacha sifa. Kila mama ni mchapakazi. Tafuta jambo moja dogo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Huu hapa mfano:

"Mama yangu hurudi kutoka kazini kabla jua halijatoka. Viatu anavivua chini kwenye ngazi, anapanda ghorofa tatu kwa soksi. Funguo zake amezitia ndani ya glavu ya hospitali na kuipiga fundo, ili zisilie. Analifungua fundo, kisha mlango, kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe. Kisha anakuja kusimama kwenye mlango wa chumba changu. Hasemi kitu. Mimi niko macho, lakini nayafumba, kwa sababu nikiyafumbua ataniambia lala, na ataondoka. Ninyi mnataka mtu wa kumpeleka Annapolis, mahali ambapo hamtamwona. Mpelekeni huyu. Wema wake anaufanya akidhani hakuna anayemtazama."

Umeona? Halafu unakaa chini.

Kuhusu nani atamtambulisha mama, bado tunazungumza nyumbani.

Edna


Laurel
30 Machi 2026

EDNA!

Uliwaona? Ulimwona Anko Gervas? MC mzima wa Jumuiya, anayechekesha watu hata kwenye arusi za watu asiowajua, alijifuta macho kwa tai! Kina mama wa mstari wa mbele walipiga vigelegele kisha wakalia, sijui hata kwa utaratibu gani. Nilibadilisha kidogo tu. Glavu niliifanya soksi, na mahali pa hospitali nikaweka zile jioni mama alipokuwa anasoma chuo akirudi kwa barabara kuu ya Beltway. Mengine yote ni wewe. Maneno yako, sauti yangu! Tungekuwa chama kimoja tungeshinda hata Ikulu.

Na Jumuiya imetuchukua sisi. Vijana wote Jumamosi wanaanza na mama.

Pole lakini kwa hotuba yako. Sikujua kabisa kwamba ungesimama. "Shikamooni. Huyu ni mama yangu." Basi. Na Anko Gervas: "Marahaba, mwanangu, tunamfahamu, endelea." Na wewe unakaa! Ukumbi wote ulicheka, na mimi nilicheka, samahani. Lakini kwa mtu wa tumbo la malaika umejitahidi.

Asante, asante, asante.
Jero


Laurel
3 Aprili 2026

Jerotich,

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeikunja mara nne, na mkono wangu ulikuwa juu yake tangu tulipotoka nyumbani. Mama aliniomba mimi mwezi mzima kabla. Alisema, "Najua unaogopa. Sema hata kidogo, ila uwe wewe." Nikafanya mazoezi mbele ya kioo hadi baba akaniuliza nazungumza na nani.

Sikukuambia kwamba nitasimama kwa sababu nilijua utacheka. Na kweli ulicheka.

Unajua kwenye karatasi palikuwa na nini: ule ule mfano niliokupa uufuate, si uusome. Tulipangwa kwa alfabeti ya majina ya mama zetu, Chepkoech kabla ya Dorothea. Nikakaa pale nikamsikia mama yangu akipanda ngazi zetu, mlango wetu ukifunguliwa polepole, na mwisho wake akatokea mama yako, amevaa vizuri, amejishika kifua, anapigiwa makofi. Halafu wakaniita mimi. Ningesoma nini? Ningesema yale yale, wangesema mtoto wa Dorothea hana hata aibu, ameiba papo hapo mbele yetu.

Ndani ya gari mama hakuwasha redio. Tulipopita kituo cha treni akasema, "Yule mtoto anamwona mama yake."

Baba akasema, "Edna naye, Mama Edna, anaona aibu tu..."

"Baba Edna, sijamtaja Edna."

Nikatazama dirishani mpaka nyumbani.

Nina wivu, Jero. Naliandika neno lenyewe ili lisinizunguke. Nimekuonea wivu kwa mengi: sauti yako, nyasi zenu, namna unavyoingia mahali bila kuuliza kama kuna nafasi. Hayo niliweza kuyabeba, kwa sababu ni yako. Sasa nauonea wivu mdomo wako kwa maneno yangu mwenyewe. Nikiyakumbuka siku hizi nayasikia kwa sauti yako.

Barua yako ya tarehe 30 ninayo. Umeandika kwa mkono wako kwamba maneno ni yangu. Anko Gervas anajua kusoma.

Edna


Laurel
9 Aprili 2026

Edna,

Nimeandika barua mbili za kukutukana nikazichana. Hii ni ya tatu.

Kwanza, sikuiba. Nilikuomba, ukanipa. Ungeniambia "hii ni yangu, nitaisema mimi," ningeigusa? Mimi ni mpiga kelele, si mwizi. Lakini wewe hufanya hivi, Edna. Unanyamaza, halafu unakasirika kwamba watu hawakukusikia.

Pili, nilidhani umepamba. Wewe hata mkia wa paka unaugeuza hadithi. Ya unesi nilijua ni kweli, lakini kusimama mlangoni, ile glavu, nilidhani ni ufundi tu. Sikujua kuna mtu hufanyiwa hivyo.

Tatu ni hili, na hili sikutaka kuliandika. Baada ya ukumbi mama alinikumbatia pale maegeshoni, muda mrefu, akaniambia sikioni, "Sikujua unaniona hivyo." Mimi nimeganda kama mbao. Kwa sababu simwoni hivyo. Hajawahi kusimama mlangoni kwangu. Akirudi anapiga honi nimfungulie gereji. Nilijaribu wiki nzima kutafuta kitu changu mwenyewe cha kusema juu yake nikapata honi tu. Kisha bahasha yako ikafika. Unasema una wivu kwa maneno. Mimi nimekuonea wivu kwa mama yako mzima. Nilimvaa kwa dakika tatu, na ilinipendeza, na nikamvua.

Peleka hiyo barua kwa Anko Gervas ukitaka. Sitakana. Mama atapoteza Jumuiya na pengine kiti, na atanitazama vile anavyotazama makarani waliokosea. Lakini sitakana.

Jerotich


Laurel
17 Aprili 2026

Jerotich,

Barua yako ya tarehe 30 imo ndani ya bahasha, na nimeandika jina la Anko Gervas juu. Jumapili baada ya ibada nitampa mkononi.

Usifikiri nimefurahi. Lakini jana mama alirudi kutoka kugonga milango peke yake, katikati ya mvua, na viatu vyake vilikuwa vinatoa maji. Mtaa ule ule vijana wenu walikuwa wamepita kumi kwa pamoja.

Edna


(Kwenye mlango wa friji)
Jumamosi, Aprili 18

Edna,

Maharage yako kwenye bakuli la bluu, pasha moto. Usile mkate tu.

Nimeona bahasha ya Gervas chini ya kamusi yako. Sijaifungua. Haina haja. Na zile barua zenye stempu ya ndege nimeziona zikiingia tangu Machi. Unadhani nesi wa usiku analala mchana kutwa? Nakusikia ukifungua sanduku la barua, unapanda kwa vidole, unapita mlangoni kwangu umebana pumzi. Na mimi nafumba macho.

Mimi na Chepkoech tulikaa chumba kimoja Langley Park kabla hamjazaliwa. Yule akirudi nyumbani jirani wa chini anajua. Hajawahi kufunga funguo ndani ya soksi wala ndani ya chochote. Yule binti aliposema "anapanda kwa soksi" nilijua niko kwenye ngazi zangu mwenyewe, na nilijua nani alikuwa macho.

Kwenye gari nilikutega. Nilisema yule mtoto anamwona mama yake ili useme, "Mama, ni mimi." Nilingoja mpaka tunaegesha. Nami nikakasirika, nikanyamaza, maana hilo umelirithi kwangu.

Nakwambia ukweli, niliona wivu. Kura sikuzifikiria hata kidogo. Niliona mwenzangu anakumbatiwa kwa maneno uliyoniandikia mimi.

Sasa sikiliza. Kama unaipeleka barua hiyo ili mimi nipate kura, iache. Sitaki Gervas asimame na kipaza sauti kuulizia ni nani kweli alivua viatu. Zile ngazi si za kampeni. Lakini kama ni kwa ajili yako, kwa kuwa kazi ya mikono yako imepewa mwingine, ipeleke, nami nitakaa kiti cha mbele.

Leo mchana naenda mtaa wa nyuma ya maktaba. Kama una viatu visivyovuja, njoo.

Mama


Laurel
3 Julai 2026

Edna,

Nimengoja kila Jumapili simu ya Anko Gervas. Mama akiitwa pembeni na mtu yeyote, tumbo langu linakuwa lako la Krismasi. Aprili ikapita, Mei ikapita, hakuna. Wewe pia kimya. Nilikuona mara moja kwa mbali, wewe na mama yako, mnatoka kwenye nyumba yenye mbwa, mnakimbia, mnacheka. Nilisimamisha baiskeli. Sikuja kwa sababu nilikuwa nimevaa fulana ya kampeni ya mama.

Umeshaona matokeo. Mama ameshinda mchujo wa chama. Wako wa tatu. Nilitaka kuandika pole lakini kutoka kwangu itasikika kama nini? Naiandika tu. Pole.

Usiku ule nyumba ilijaa watu wakaimba hadi majirani wakaja kuimba nao. Nilikuwa jikoni natoa barafu. Walipoondoka mama alikuwa bado kwenye simu. Nililala nikisikia sauti yake ukutani. Akishinda Novemba, Januari atakuwa Annapolis, na nitamwona kwenye televisheni kama kila mtu.

Ameniomba nimtambulishe tena Novemba. "Ile ile ya funguo," anasema. Nimemwambia ile imekwisha. Sijui nianzie wapi, na safari hii siombi.

Kwa nini hukuipeleka?

Jero


Laurel
8 Julai 2026

Mpendwa Jero,

Ndani ya bahasha hii kuna barua yako ya tarehe 30 Machi. Ichome au itunze. Hakuna aliyeisoma ila mimi.

Sikuipeleka kwa sababu mama alijua tangu ukumbini, na aliniambia ngazi zake si za kampeni. Ningependa kusema nilisamehe siku hiyo hiyo. Hapana. Niliitoa chini ya kamusi nikairudisha mara nyingi sana, na usiku wa matokeo, nilipoona kwenye simu ya baba picha ya mama yako na wewe nyuma yake na sinia la barafu, niliifungua nikaisoma tena, nikatafuta viatu vyangu. Kilichonizuia ni kwamba ilikuwa usiku na Anko Gervas anaishi mbali. Naandika ili usiniwazie utakatifu. Bado nina wivu. Umepungua kuwa wa kawaida, kama ule wa nyasi zenu.

Yule mbwa uliyemwona alikula kipeperushi chetu. Mama alisema, "Angalau huyu amekisoma hadi mwisho."

Nilikwenda naye kila Jumamosi, na kwenye kila mlango nilisema maneno yangu yale yale. Huyu ni mama yangu. Nilisema kwa Kiingereza, lakini ni yale yale. Kisha nanyamaza, anaendelea yeye. Mwishoni ilikuwa mchezo wetu. Akisahau kungoja na kuanza kuzungumza kabla yangu, ananigusa mguu kidogo kwa kiatu, kama kuomba radhi. Wa tatu si mbaya kwa watu wawili na mwavuli mmoja. Alilia siku moja, kisha akampigia mama yako simu ya hongera. Sijui walisema nini. Alifunga mlango, na walikaa kwenye simu muda mrefu.

Kuhusu Novemba, sitakupa maneno. Lakini honi usiidharau. Kuna mtu anapiga honi kwa sababu anajua kuna mtu ndani wa kumfungulia. Anzia hapo uone kama ni kweli.

Jambo la mwisho, halafu nakwenda kulala, maana niliamka mapema kuliko nilivyozoea. Leo alfajiri nilisikia mlango wa chini, kisha ngazi, kimya kile ambacho mtu mwingine hawezi kukisikia. Nililala nimefumba macho kama kawaida. Kisha nikaona nimechoka kufumba. Nikaenda nikafungua mlango kabla hajafika.

Alikuwa kwenye ngazi ya mwisho, na soksi zake, viatu kwapani. Alishtuka sana.

"Nani mgonjwa?" akauliza.

"Hakuna, mama. Nimekufungulia tu."

Akasimama pale na glavu yake mkononi, hajui afanye nini na zile funguo.

Rafiki yako,
Edna